Gari Lipoe Kabla ya Jumamosi

Jumatatu, 2 Machi

Leo nimesema uongo mmoja mdogo, na tayari umeota miguu.

Simu ilikuwa ya mke wangu. Upande wa pili alikuwa mama yake, hospitalini, siku ya sita tangu apasuliwe goti. Jumamosi wanamruhusu. Lakini daktari ameagiza mazoezi mara tatu kwa wiki, wiki sita mfululizo, kwenye kliniki ya hapa mjini. Kurudi nyumbani kwake hakuwezekani. Swali likawa: atakaa kwa nani? Kwa binti mkubwa, au kwa binti mdogo ambaye ni mke wangu?

Mke wangu akajenga hoja kama wakili. Nyumba yetu haina ngazi. Kliniki iko karibu. Chumba kipo. Nikamsikia dada yake akidakia kutoka kando ya kitanda, kwa sauti ya mtu asiyejua kunong'ona, kwamba mama hawezi kupanda lile tanuri lao na mshono mbichi.

Tanuri ni gari letu. Sikatai. Lina miaka ishirini na miwili, na mwaka wa pili huu kiyoyozi chake hakitoi baridi. Ukizungusha kitasa kwenye rangi ya buluu, unapata joto. Ukizungusha kwenye nyekundu, unapata joto lile lile, ila sasa umelitaka mwenyewe.

Nikaiomba simu. Nikamwamkia mama mkwe, nikamwambia siku hizi gari linatoa baridi mpaka tunavaa sweta. Akalirudia lile neno sweta. Kisha akasema basi nimfuate Jumamosi saa nne.

Mke wangu akauliza nani alilitengeneza. Nikasema mimi. Akauliza lini. Nikasema kati ya leo na Ijumaa.

Jumanne, 3 Machi

Mikono inaniwasha tangu alfajiri. Kiwandani, ambako kazi yangu ni kujalidi vitabu, nimebandika jalada juu chini mara mbili. Msimamizi aliuliza kama nyumbani kuna jambo. Nikamwambia kuna goti.

Mke wangu ameuliza kwa nini nisimwone Profesa. Huyo ni fundi wa magari pale kona, aliyepewa jina hilo kwa sababu hawezi kukaza nati bila kukuhutubia. Mwaka jana aliniambia nimwachie gari wiki mbili, afungue dashibodi yote na kuagiza kifaa. Wiki mbili sina. Isitoshe, mtu anayekusanya kurasa mia sita zikakaa sawasawa atashindwaje na boksi la upepo?

Jioni nimeanza. Nimetoa kidroo cha dashibodi upande wa abiria. Nyuma yake kuna chujio la hewa. Nikalivuta, likaja na kiota cha panya. Nimekikagua: kimejengwa kwa karatasi, tena karatasi zetu za kiwandani, zile zilizoharibika ninazoleta nyumbani kufutia vioo. Ukurasa mmoja ulikuwa bado unasomeka. Ulihusu usafi wa mazingira. Wenyewe panya hawakuwapo.

Nikasafisha, nikarudisha, nikawasha feni. Swichi ina namba nne lakini inayofanya kazi ni ya nne tu, nayo hunguruma kama mashine ya kusaga. Upepo sasa unatoka mwingi. Ni wa moto, lakini mwingi. Nimemwambia mke wangu hatua kubwa imepigwa. Akajifuta jasho, akasema anaihisi.

Jumatano, 4 Machi

Nimekwenda kwa Profesa kwa hila. Nikamwambia nina rafiki ambaye gari lake halitoi baridi, rafiki mwenyewe ni mtu wa haya, amenituma niulize.

Profesa akaweka spana chini, akafuta miwani, akaanza mhadhara. Rafiki awashe kiyoyozi, afungue boneti, ashike mabomba mawili membamba. Moja likiwa baridi, gesi ipo na mashine ni nzima, basi tatizo liko ndani. Humo nyuma ya dashibodi kuna kimlango kidogo. Kikielekea upande mmoja, kinaleta baridi. Kikielekea mwingine, kinaleta joto la injini. Mota ndogo ndiyo inayokizungusha, kwa gia ya plastiki. Plastiki ikizeeka huvunjika meno. Halafu akauliza gari la rafiki yangu ni la rangi gani. Nikasema sikumbuki. Akatazama gari langu pale nje kwa muda, akasema nimwambie rafiki asiguse kitu.

Bomba moja lilikuwa baridi kama chupa ya maji. Nusura nilibusu.

Kufika kwenye hiyo mota si mchezo. Lazima ulale chali, kichwa chini ya dashibodi, miguu juu ya kiti, visigino nje ya mlango. Nilikuwa katika hali hiyo, bisibisi mdomoni, niliposikia mtu akiiamkia miguu yangu.

Alikuwa mwanyumba, yaani mume wa dada yake mke wangu. Gari lake ni jipya, jeupe, na alilisimamisha ubavuni mwa langu huku ameshusha kioo ili nami nionje ubaridi. Niliuonja, hasa kwenye nyayo. Akasema kwa upole, maana mwanyumba hana baya ila upole, kwamba yeye yuko tayari kumfuata mama Jumamosi, nisihangaike. Nikamjibu kutoka chini kwamba mama ana kwao kwingine pia. Mke wangu ananiambia sauti yangu ilitokea kwenye matundu ya hewa, na mwanyumba aliitikia akiyatazama hayo matundu.

Lakini gia nimeitoa. Ni ndogo kama kifungo cha koti. Ina meno matatu pungufu.

Alhamisi, 5 Machi

Gia ya namna hiyo haipatikani. Duka la kwanza walisema niagize. La pili walicheka. La tatu walikuwa wamefunga, nikawashukuru kimoyomoyo.

Akili ni nywele. Kiwandani tuna kadibodi ngumu ya majalada, inayokata kisu kabla kisu hakijaikata. Wakati wa chakula cha mchana nimechonga meno matatu, nikayachovya kwenye gundi yetu ya migongo ya vitabu, nikayabandika mahali pake. Gundi ile huyeyushwa kwenye sufuria ya umeme, ikipoa inakuwa mfupa. Nimewahi kuona kamusi ikianguka kutoka ghorofa ya pili na mgongo wake usitikisike.

Saa kumi na mbili jioni nikairudisha gia. Nikawasha. Nikazungusha kitasa kwenye buluu.

Baridi ikaja.

Nilikaa nikiitazama, kana kwamba baridi inaonekana. Nikamwita mke wangu. Alikuja na aproni ya jikoni, akakaa kiti cha abiria, akafunga mlango, akaweka mikono mbele ya tundu la hewa. Nikangoja sifa. Mwisho akaniambia kwamba mapazia ya chumba cha wageni ameshayafua tangu jana. Na kwamba katika miaka kumi na minne ya ndoa yetu mama yake amelala kwetu usiku mmoja tu, na hiyo ni kwa sababu mvua ilikata barabara ya kwenda kwa dada yake.

Sikujua kwamba alikuwa akihesabu.

Kuna vipande vimebaki: skrubu nne na kipande cheusi cha plastiki kilichopinda kama kiwiko. Gari linafanya kazi bila hivyo. Watengenezaji nao huzidisha.

Ijumaa, 6 Machi

Siku ya kuliacha gari, ningekuwa na akili za kuliacha.

Gari linapoa. Lakini lina mlio. Tik. Kila baada ya muda, tik. Mke wangu anasema hausikii. Nilikunywa chai nikiusikia. Nilikwenda kazini nikiusikia, na kazini naenda kwa miguu. Mke wangu alinishika mkono mlangoni akaniomba, neno kwa neno, niliache gari kama lilivyo mpaka mama afike. Nikamwambia sawa.

Jioni nikalifungua.

Nia ilikuwa njema: kuongeza gundi kidogo, meno yakae imara. Nikaongeza gundi nyingi. Katika kuchomoa bisibisi nikagusa waya mahali fulani, pakatoka cheche, na feni ikanyamaza. Ukimya ule nilikuwa nikiutafuta siku nzima, lakini si kwa njia hiyo. Fyuzi ilikuwa imeungua. Maduka yamefungwa. Nikatazama kwenye kisanduku cha fyuzi nikaona nyingine yenye rangi ile ile, ya vioo vya madirisha. Nikaihamisha. Feni ikanguruma. Baridi ipo. Mlio haupo. Vioo havishuki, lakini mwenye kiyoyozi ana haja gani ya kushusha vioo?

Nimempigia simu mwanyumba, nimemkaribisha twende naye kesho kumchukua mama. Mke wangu aliuliza kwa nini. Nikamwambia undugu ni kutembeleana. Ukweli nauandika hapa: nataka akae kiti cha nyuma na atetemeke.

Jumamosi, 7 Machi

Nitaandika kwa utaratibu, ingawa bado nina joto.

Saa nne kamili tulikuwa hospitalini. Mama mkwe akaletwa kwa kiti cha magurudumu, shuka na magongo mapajani, mfuko wa dawa mkononi. Nikamwamkia. Akaitikia, akalitazama gari mbele na nyuma kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari. Tulimweka kiti cha mbele, kikarudishwa nyuma, mguu ukanyooshwa. Mke wangu na mwanyumba nyuma. Mwanyumba alivaa suti. Alisema anapitia kwenye kikao baadaye.

Nikawasha. Baridi. Barabara yote ya hospitali, baridi safi. Nikamtazama mwanyumba kwenye kioo. Alikubali kwa kichwa, kiungwana. Mama mkwe alivuta shuka akajifunika mpaka kidevuni na kukaza midomo. Nikadhani ni heshima.

Kwenye taa za barabarani, zikiwa nyekundu, pale chini ya dashibodi pakalia. Si tik. Tak.

Kisha ikaja harufu. Naijua harufu hiyo, naishi nayo miaka kumi na tisa: gundi inayochemka. Kisha likaja joto, si la kupanda polepole, bali la kufungulia mlango wa oveni. Feni namba nne ikalisukuma lote mbele kwa nguvu.

Nikabonyeza kushusha kioo. Kimya. Nikakumbuka. Nyuma nikasikia mwanyumba akibonyeza chake, mara ya kwanza kwa adabu, mara ya pili bila. Mke wangu hakubonyeza kitu. Alikuwa akinitazama kwenye kioo cha kati, na macho yake yalikuwa ya mtu anayeyaona mapazia yakitunguliwa.

Hapo moyo ulinishuka. Si kwa ajili ya mwanyumba. Kwa ajili ya yale mapazia.

Nikanyoosha mkono kuizima feni.

"Usiguse," mama mkwe akasema.

"Mama, kuna joto, kumetokea hitilafu ndogo."

"Najua kuna joto. Sijafa. Nimekwambia usiguse."

Akafunua shuka, akalisogeza goti lenye bandeji mbele kabisa. Joto lote lilikuwa likishukia pale, halikwenda usoni wala miguuni. Akafumba macho.

"Siku kumi na moja," akasema, "nimelazwa chini ya feni. Nasema nina baridi, naambiwa mama, hayo ni mawazo. Goti limekuwa jiwe. Sasa ndiyo nalisikia kuwa ni langu."

Taa zikawa kijani. Nilisahau kuondoka mpaka wa nyuma wakapiga honi.

"Mama," mwanyumba akasema kwa sauti iliyokauka, "kwetu pia ungepata hewa nzuri."

"Baba, nikuambie kweli?" Hakufumbua macho. "Gari lako zuri. Lakini miaka yote hii nakaa humo kama samaki kwenye jokofu. Nanyamaza tu, kwa kuwa unanifuata kwa moyo mmoja, na mtu hasemi ubaya wa anayemtendea wema. Lakini baridi yake huingia kwenye mifupa, na kwangu haitoki siku tatu."

Kola ya mwanyumba ilikuwa imelowa ikabadilika rangi. Baada ya mitaa miwili aliomba tumshushe hapo, anataka kununua gazeti. Nilimwona akisimama kivulini na koti mkononi, mbali na muuza magazeti.

Mama mkwe akageuka kidogo, akamuuliza mke wangu kama kile chumba kinapata jua la asubuhi. Mke wangu akasema kinapata. Alilisema kama mtu anayebeba kikombe kilichojaa pomoni.

Basi, atakaa kwetu. Wiki zote sita.

Jumapili, 8 Machi

Mke wangu alimwita Profesa bila kuniuliza. Fundi alilala chali mahali pangu, akatazama kwa tochi, akakaa huko muda mrefu bila kuhutubia, jambo lililonitia wasiwasi. Alipotoka alikuwa anafuta macho. Sidhani ni vumbi.

Ripoti yake ni hii. Gundi ya vitabu huyeyuka kwa joto, na nilikuwa nimeiweka jirani na bomba la maji moto. Kimlango kimeanguka upande wa joto kikaganda na gundi juu yake. Kile kipande cheusi nilichokiacha ndicho kinachoelekeza hewa ya moto. Bila hicho, yote humwagika mahali pamoja, kwenye usawa wa goti la abiria. Akauliza hali ya rafiki yangu.

Fyuzi ya vioo ameirudisha na feni ameipa yake. Ametaka kurekebisha na mengine. Mama mkwe, kutoka dirishani, akasema anayetaka kurekebisha kitu arekebishe chake.

Kisha mke wangu akaniapisha mbele ya Profesa: kwa wiki sita sitaligusa gari letu kwa bisibisi, koleo, kisu wala gundi. Nikaapa. Baadaye nilimweleza mama mkwe kwamba joto lile nililipanga kwa ajili ya goti, huku nikiyakwepa macho yake. Akasema alijua, maana haliwezi kuwa la bahati. Mke wangu alitoka nje ghafla. Nilisikia akicheka huko uani, mara ya kwanza tangu Jumatatu, na ikamchukua muda kurudi.

Jumanne, 10 Machi

Mazoezi ya kwanza. Naendesha na taulo lililoloweshwa shingoni na shati la akiba kwenye buti. Vioo upande wangu nashusha. Upande wake havishushwi, kwa amri.

Mama ametembea hatua ishirini bila kushikwa. Mwelekezi wa mazoezi ameshangaa jinsi goti lilivyo laini, akauliza tunalifanyia nini nyumbani. Mama akaninyooshea gongo, akasema ni kazi ya mkwe wake. Wagonjwa wawili wamekuja kuliona gari. Mmoja amekaa ndani nusu saa hakutaka kutoka.

Nimewaza sana njiani. Si kila mtu ana kipaji cha namna hii. Wengine hufuata kitabu. Mimi vitabu navijalidi.

Nyumbani mama alikwenda kujilaza, na baadaye nilimkuta mke wangu naye amelala chumbani kwa mama, miguuni pa kitanda, kama mtoto. Sikuwaamsha. Nilikaa sebuleni nikitafuta kitu cha kufungua.

Jumamosi, 14 Machi

Mwanyumba amekuja asubuhi, peke yake, bila suti. Alikataa chai mara mbili. Nikajua kuna neno.

Akalisema mwishowe, akiwa ameinamia viatu vyake. Mkewe hana raha. Wiki nzima mama hajafika kwao hata kula chakula. Walimwomba aje kesho, naye amesema atakuja, lakini kwa gari la joto. Mwanyumba amewasha joto kwenye gari lake mpaka mwisho. Mama akakaa humo dakika moja jana, akasema joto hilo ni la usoni, la kusinzisha. Goti haliambiwi kitu. Basi ameona bora aje kwangu. Aliuliza, kwa ule upole wake, kama ningeweza kumfanyia yeye pia kile kitu nilichofanya.

Nakiri nilimwonea huruma. Ni mtu mwema, na hakuna aliyemfundisha kutumia mikono yake. Ningeweza kuwapeleka mama na mke wangu kesho kwa gari langu, tukala, tukarudi. Wazo hilo lilinijia. Lilikuja na likapita.

Niliapa kuhusu gari letu. Hili si letu.

Tumelisogeza uani. Dashibodi yake ni nzuri mno, haina skrubu hata moja inayoonekana. Yote imebanwa kwa ndani, lazima uivute kwa ujasiri. Nimevuta. Imetoka kipande kimoja na kingine kikafuata chenyewe. Kumewaka taa nyingi ndogo, za rangi tatu. Mwanyumba aliuliza kama nimewahi kufungua gari la aina hii. Nikamwambia magari yote ni ndugu, akaingie ndani akae na mama, nitamwita.

Mke wangu amechungulia dirishani. Ameniona, ameona gari, ameona vile vipande vilivyopangwa kwenye mkeka. Kisha amefunga pazia taratibu.

Jua la leo kali. Nadhani lilikuwa linamuumiza macho.